Kijerumani chuoni Arusha na Moshi: mwongozo kamili wa kutoka sifuri hadi B1 bila kukwama A2

Kila muhula ukiisha napokea ujumbe uleule, kutoka Njiro, Tengeru, Soweto ya Moshi na Kiboriloni. Maneno hubadilika, habari ni moja: "A1 nilimaliza vizuri, A2 nikasukuma hivyo hivyo, B1 nimefeli Hören na Schreiben. Nianzie wapi?" (A1, A2, B1 na B2 ni ngazi za lugha, kutoka chini kwenda juu. Hören ni sehemu ya mtihani ya kusikiliza, Schreiben ya kuandika.) Wanaoniandikia si wavivu. Mchana wanasoma utalii, uuguzi, theolojia au uhasibu, jioni wanakaa na Kijerumani, na ada imetoka kwenye mfuko wa mzazi anayeuza ndizi au kahawa.

Wanakwama mahali pamoja kwa sababu moja. Wamejifunza Kijerumani kwa kupitia Kiingereza. Kiingereza hakina upatanisho wa ngeli, Kiswahili kinao. Kiingereza hakina kauli ya kutendea, Kiswahili kinayo. Mtu anayeongea Kiswahili tangu utotoni ana nusu ya vifaa tayari kichwani, lakini darasani anaambiwa aviache mlangoni. Mwongozo huu unavirudisha ndani.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiwa umeshafika A2 na umekwama, bado anzia Hatua ya 2, maana ndipo ufa ulipo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya wiki ya kwanza

- Kitabu kimoja cha kozi chenye sauti zake. Kopi ya steshenari isiyo na sauti ni nusu kitabu. Ukinunua kopi, hakikisha umepata na mafaili ya sauti.
- Kaunta buku moja ya kuandikia kila siku, si madaftari manne yaliyoanzwa na kuachwa.
- Karatasi za manila zilizokatwa kadi ndogo, 300 za kuanzia, na kalamu tatu za rangi: bluu, nyekundu, kijani. Kazi yake utaiona Hatua ya 3.
- Simu yenye nafasi na spika za masikioni. Pakua masomo ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, usikilize njiani. Bando lisiwe kisingizio.
- Kozi za bure za Deutsche Welle (DW), za A1 hadi B1, zenye video na mazoezi.
- Mitihani ya mfano ya Goethe-Institut (taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani), inayopatikana bure kwenye tovuti yao pamoja na sauti. Pakua ya A1 na ya B1 leo, hata kama huelewi neno.
- Mwenzako mmoja anayesoma ngazi yako. Mmoja anatosha. Kundi la WhatsApp la watu themanini huishia kutumiana picha za asubuhi njema.
- Dakika 90 kwa siku, siku tano kwa wiki.

Dakika hizo 90 nimezipigia hesabu. Goethe-Institut wanakadiria kwamba kufika B1 kunataka vipindi kati ya 350 na 650, kila kimoja dakika 45. Kwa A1 wanasema 80 hadi 200. Ukisoma vipindi viwili kwa siku, muhula wa wiki 15 unakupa 150. Kwa hiyo A1 ni muhula mmoja au mmoja na kidogo, na B1 ni mihula miwili na kidogo hadi minne na kidogo. Anayekuahidi B1 kwa miezi mitatu huku una masomo mengine chuoni anauza maneno.

## Hatua ya 1: Amua unasomea nini, ndipo uchague darasa

Ngazi hutegemea safari. Mwenzi anayemfuata mumewe au mkewe Ujerumani kwa kawaida huombwa A1, na au pair (kijana anayeishi na familia na kuwalelea watoto) vilevile. Anayekwenda kwenye mafunzo ya ufundi kazini, yale yanayoitwa Ausbildung, kwa kawaida huombwa B1. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe kule ajiandae kwa B2. Mwongoza watalii hahitaji cheti chochote cha Kijerumani, anahitaji mdomo. Sharti la mwisho lithibitishe ubalozini, maana kanuni hubadilika.

Ukishajua, tembelea darasa kabla ya kulipa. Omba ukae kipindi kimoja nyuma. Angalia mambo mawili tu: wanafunzi wanaongea Kijerumani kwa dakika ngapi, na mwalimu hucheza sauti mara ngapi. Kipindi kizima kikipita kwa mwalimu kuandika ubaoni na darasa kunakili, ondoka.

Tahadhari: cheti cha kuhudhuria kozi si cheti cha mtihani. Kile cha kwanza kinasema ulikuwepo. Ofisi za Ujerumani zinataka kile cha pili, kutoka kwa mtahini anayetambulika kama Goethe, telc au ÖSD. Nimeona vijana wakitoa pesa nyingi kwa karatasi yenye muhuri mzuri isiyofungua mlango wowote.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: nataka ngazi fulani, mtihani fulani, mwezi fulani.

## Hatua ya 2: Wiki mbili za sikio na mdomo

Hapa ndipo waliofeli Hören walipojikwaa, bila kujua. Walianza na sarufi, sauti wakaziacha "zitakuja zenyewe". Hazikuja.

Tatizo la kwanza ni kwamba tunasoma herufi kwa Kiswahili. Kijerumani nacho husomwa kama kinavyoandikwa, ila herufi zimebadilishana kazi. W husomwa kama V yetu: "Wasser" huanza kama "vasa". Z ni TS: "zehn" ni "tseen". S ikitangulia irabu inakuwa Z yetu: "Sonne" huanza na sauti ya "zawadi". EI ni "ai", IE ni "ii" ndefu. Ukichanganya hizo mbili za mwisho, Wein (divai) inageuka Wien, mji mkuu wa Austria.

CH ya "Buch" na "Nacht" unayo tayari, ni KH ya "kheri" na "Khamis" kama inavyotamkwa na watu wa pwani. CH ya "ich" ni laini zaidi: sogeza ulimi karibu na kaakaa kama unataka kusema "hii", kisha pitisha hewa tu, bila sauti. Kwa Ü, panga midomo kama ya kusema "u", halafu ndani sema "i". Kwa Ö, midomo ya "o", ndani "e". Fanya mbele ya kioo. Utaona aibu siku ya kwanza, ya tatu utasahau.

Tatizo la pili ni irabu tunayoipachika mwishoni. "Herbst" inakuwa "herbisti", "Deutsch" inakuwa "doichi". Mjerumani akisikia silabi ya ziada anatafuta neno ambalo halipo.

Tatizo la tatu ni kubwa kuliko yote, na madarasani halisemwi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Maneno mengi ya Kijerumani huuweka mwanzoni. Sisi tunasema ar-BEI-ten, wao wanasema AR-bei-ten. Ukizoea kusikia mkazo mahali pasipo pake, siku ya mtihani sauti inapita na neno unalolijua kabisa hulitambui. Unatoka ukisema "walikuwa wanaongea haraka". Hawakuwa wanaongea haraka.

Fanya hivi: chukua mazungumzo mafupi ya kitabu, yasizidi sekunde 40. Yasikilize mara tatu bila kusoma. Kisha sema pamoja na sauti, ukiikimbilia kwa nyuma kidogo, mara kumi. Jirekodi. Linganisha. Siku inayofuata chukua mengine.

Umefanikiwa ukiwa mwenzako, akiwa amefumba macho, anatambua kama umesema "schon" au "schön", "Bruder" au "Brüder".

## Hatua ya 3: Jifunze nomino pamoja na ngeli yake

Mtoto wa Kitanzania hafundishwi kwamba "kiti" ni ngeli ya KI-VI. Analikuta neno ndani ya sentensi: kiti kile kizuri kimevunjika. Nomino moja inavuta kila kitu nyuma yake. Kijerumani hufanya kitu cha jinsi hiyo, ila alama haiko kwenye kichwa cha nomino, iko kwenye kineno kinachotangulia: der, die, das. Ndiyo artikel.

Kwa hiyo neno "Tisch" peke yake halipo. Lipo "der Tisch". Kuandika "Tisch = meza" ni kama kumfundisha mgeni neno "-ti" halafu umwambie kiambishi ataongeza mwezi ujao. Kila aliyeniletea daftari baada ya kufeli Schreiben, nimelikuta limejaa nomino tupu.

Fanya hivi. Kila kadi ya manila iwe na nomino moja: der kwa bluu, die kwa nyekundu, das kwa kijani. Andika na wingi wake, maana wingi wa Kijerumani una tabia nyingi kama wetu: das Buch, die Bücher, der Tisch, die Tische, die Frau, die Frauen. Upande wa pili andika Kiswahili, au chora. Usiandike Kiingereza. Ukipita njia ya Kiingereza unaongeza kituo kisicho na abiria.

Usitafute maana kwenye ngeli. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer, na vyote viko sahani moja. Tafuta umbo la mwisho wa neno, maana lenyewe husaidia kweli:

- -ung, -heit, -keit, -schaft, -tion na -tät ni die: die Wohnung, die Freiheit, die Universität.
- -chen na -lein ni das.
- -ling na -ismus ni der, pia siku zote za wiki na miezi yote.

Tahadhari moja: kwa Kiswahili, kifaru ana umbo la KI-VI lakini tunasema "kifaru amelala", kwa sababu uhai unashinda umbo. Kijerumani kimefanya kinyume: msichana ni das Mädchen, kwa kuwa -chen imeshinda usichana. Usibishane nayo.

Umefanikiwa ukiwa kadi 300 zimeisha na "die Tisch" inakukera sikio kama "kiti mzuri".

## Hatua ya 4: Akkusativ na Dativ, ukitumia vitenzi vya kwetu

Watu huacha Kijerumani hapa. Wanaona jedwali la der, den, dem, wanafunga daftari. Jedwali weka pembeni kwanza.

Kwa Kiswahili, kitenzi ndicho kinachobeba habari ya nani kafanya nini kwa nani: ni-me-m-nunul-i-a mama khanga. Kijerumani kinaibeba habari hiyo kwenye artikel. Kinachonunuliwa, yaani khanga, ni Akkusativ. Anayenunuliwa khanga, yaani mama, yule wa kauli ya kutendea, ni Dativ: *Ich habe meiner Mutter eine Kanga gekauft.* Ninampa mtoto kitabu: *Ich gebe dem Kind das Buch.* Mtoto anapokea, ni Dativ. Kitabu kinatolewa, ni Akkusativ.

Sasa jedwali linasomeka:

- der, den, dem
- die, die, der
- das, das, dem
- wingi: die, die, den (na nomino huongezwa -n ikiwezekana)

La kwanza ni mtenda, la pili ni kitu, la tatu ni mtendewa.

Swali lako la kila siku liwe: kwa Kiswahili ningetumia -ia au -ea hapa? Kama ndiyo, jaribu Dativ kwanza. Helfen ni kusaidia, na kweli ni Dativ: *Ich helfe dem Mann.* Njia hii haikupi yote. Danken (kushukuru), antworten (kujibu), folgen (kufuata) na gehören (kuwa mali ya) ni Dativ ingawa kwetu hakuna -ia. Hivyo vichache vikariri kama ulivyo wimbo wa shule.

Mahali Kiswahili kisipokusaidia ni kwenye kwenda na kuwapo. Sisi tunasema "naenda mjini" na "niko mjini", mjini ni ileile. Wao wanatofautisha: *Ich gehe in die Stadt*, ninaelekea, Akkusativ. *Ich bin in der Stadt*, nimeshafika, Dativ. Zoezi lake ni la barabarani: ukiwa kwenye daladala ya Sakina jisemee unakoenda, ukishuka jisemee ulipo.

## Hatua ya 5: Kitenzi kina kiti chake

Ni fupi hii, lakini alama nyingi za Schreiben hupotelea hapa. Kwenye daladala abiria hubadilishana viti, dereva habadilishi. Katika sentensi kuu ya Kijerumani kitenzi ndiye dereva na kiti chake ni cha pili. *Ich fahre morgen nach Moshi.* Ukianza na kesho: *Morgen fahre ich nach Moshi.* Kosa letu ni "Morgen ich fahre", kwa sababu kwetu "kesho nitaenda" haivurugi kitu.

Ikiingia weil (kwa sababu), dass (kwamba), wenn (kama) au obwohl (ingawa), kitenzi hukimbilia mwisho: *weil ich heute keine Zeit habe.* Na vitenzi vya vipande viwili huachana, kipande kikabaki mlangoni kama konda: *Der Bus fährt um sechs Uhr ab.*

Umefanikiwa ukiwa umeandika sentensi 20 zinazoanza na morgen (kesho), heute (leo), dann (kisha) na deshalb (kwa hiyo), na kitenzi hakijahama hata mara moja.

## Hatua ya 6: Saa na tarakimu, mtego wa Mswahili

Naandika hatua hii nikiwa na sababu. Julai moja, nikiwa mwongoza wageni mchanga, niliwaambia wageni wanne wa Kijerumani waliolala Moshi kwamba nitawachukua saa moja na nusu asubuhi. Kichwani nilifanya hesabu iliyoonekana sawa: saa moja ni sieben, nusu ni halb, basi *halb sieben*. Nilifika nikiwa na amani, dakika mbili kabla ya muda. Niliwakuta wamesimama getini na mabegi miguuni, makoti yamefungwa hadi shingoni, mmoja ameshika kikombe cha chai kilichokwisha poa. Walikuwa pale tangu saa kumi na mbili na nusu. Halb sieben kwao ni nusu *kuelekea* saba, yaani 6:30. Nilitakiwa kusema *halb acht*. Walinijibu kwa upole, na upole ule uliniuma zaidi.

Kwa hiyo kuna hatua mbili, na usiziruke. Kwanza toa au ongeza sita: saa mbili asubuhi ni acht Uhr, saa tisa mchana ni drei Uhr au fünfzehn Uhr. Pili, ukisikia "na nusu", taja saa inayokuja: saa nane na nusu mchana ni halb drei. Ukiwa na wasiwasi, sema kwa namba kamili: *vierzehn Uhr dreißig*. Ratiba za treni huzungumza hivyo, na hakuna atakayekukosea.

Tarakimu nazo zina mgeuzo. Sisi: hamsini na saba. Wao: saba-na-hamsini, *siebenundfünfzig*. Kwenye Hören utasikia namba ya simu, uandike 75 badala ya 57, jibu limeondoka.

Fanya hivi: ukisubiri gari karibu na Mnara wa Saa au kwenye stendi ya Moshi, soma namba za magari kwa sauti ndogo. T 457: *vierhundertsiebenundfünfzig*. Gari ishirini kwa siku. Kisha mwenzako akusomee namba kumi za simu, uandike bila kumrudisha nyuma. Andika tarakimu ya pili kabla ya ya kwanza kama inakusaidia, hakuna anayetazama kalamu yako.

Umefanikiwa ukiwa umepata kumi kwa kumi, siku tatu mfululizo.

## Hatua ya 7: Utamaduni hautenganishwi na lugha

Chuo kikikupa somo la Landeskunde, yaani maarifa ya nchi na watu wake, usilichukulie kama la kujazia ratiba. Majimbo 16, tarehe 3 Oktoba ambayo ni sikukuu yao ya taifa, maduka mengi kufungwa Jumapili: hayo utayasoma na kuyapata. Mimi nitagusa yale yanayotugonganisha.

Hakuna shikamoo. Heshima yake imekaa kwenye *Sie*, "wewe" ya heshima. Mtu mzima usiyemjua, mwalimu, karani, daktari, wote ni Sie na jina la ukoo: Frau fulani, Herr fulani. *Du*, "wewe" ya marafiki, hutolewa na mkubwa, huichukui mwenyewe.

"Pole" haina neno moja. Ukimwona mtu kabeba begi zito ukasema *Es tut mir leid* (nasikitika, samahani), atakuuliza umemkosea nini. Sema *Kann ich Ihnen helfen?* (naweza kukusaidia?)

Ukimkuta mwenzako anakula, "karibu" yetu na "asante, kula tu" yake ni salamu. Ukimwuliza Mjerumani *Möchten Sie mitessen?* (ungependa kula nami?) huenda akavuta kiti. Uwe na chakula cha kutosha.

"Nitakuja nikipata nafasi" kwetu ni hapana ya heshima. Kwake ni jambo ambalo halijaamuliwa, na atakuuliza tena. Sema *Leider kann ich nicht kommen* (kwa bahati mbaya siwezi kuja). Haimuumizi hata kidogo.

Kuhusu Pfand, yaani rehani ya chupa, wewe ni mwenyeji. Kila aliyewahi kurudisha chupa za soda dukani kwa Mangi anaelewa. Kule chupa nyingi za plastiki na makopo hulipiwa senti 25 za ziada, na unazipata ukirudisha kwenye mashine.

Watu wa kuongea nao hapa kwetu hawakosekani. Vijana wa kujitolea wa mpango wa weltwärts wa Ujerumani hufanya kazi mashuleni na hospitalini, sharika za Kilutheri zina urafiki na makanisa ya Ujerumani, na wageni wa mlima wanapita Marangu. Pendekeza mabadilishano: nusu saa Kijerumani, nusu saa Kiswahili, saa imewekwa mezani, hakuna kuchanganya. Wengi wanataka Kiswahili kwa hamu kuliko unavyodhani. Tahadhari: usianze na kuuza safari wala kuomba udhamini. Akishaona mazoezi ni mlango wa ombi, hatarudi, na atawaonya wenzake.

## Hatua ya 8: Andika kila siku, maneno 80

Anza mara tu ukiingia A2. Siku ya kwanza mwandikie rafiki barua pepe. Ya pili toa maoni juu ya jambo: simu darasani, plastiki, kuishi hosteli au nyumbani. Ya tatu andika ujumbe rasmi mfupi, wa maneno 40. Kila andiko liwe na weil, dass na deshalb angalau mara moja moja.

Kwenye ujumbe rasmi adabu yetu inatuponza. Mwanafunzi mmoja alipewa kazi ya maneno 40, kumwomba mwalimu radhi kwa kutohudhuria. Alitumia 26 kuuliza hali, familia na hali ya hewa. Kijerumani: *Sehr geehrte Frau …*, mkato, mstari mpya kwa herufi ndogo, sababu, ombi, *Mit freundlichen Grüßen*. Hiyo kwao ndiyo adabu.

Kwa kusoma na kusikiliza, DW inatupa faida ambayo wengine hawana: ina idhaa ya Kiswahili. Soma habari ya siku kwa Kiswahili kwanza. Kisha sikiliza habari zao za Kijerumani zinazosomwa polepole kwa wanafunzi. Ukiwa umeshajua nani kafanya nini, sikio linabaki na kazi ya maneno tu.

## Hatua ya 9: Mtihani wa B1

Goethe-Zertifikat B1 ina moduli nne, kila moja alama 100, na kufaulu ni 60 kwa kila moduli.

- Lesen (kusoma): dakika 65, sehemu tano. Soma swali kabla ya matini.
- Hören: dakika 40 hivi, sehemu nne. Ya kwanza na ya nne husikilizwa mara mbili, ya pili na ya tatu mara moja tu. Asiyejua hili husubiri marudio yasiyokuja.
- Schreiben: dakika 60, kazi tatu: maneno 80, 80 na 40. Gawa muda dakika 20, 25 na 10, tano za mwisho kagua kitenzi na artikel tu.
- Sprechen (kuongea): kama dakika 15, mkiwa wawili: kupanga jambo pamoja, kutoa mada fupi, kuulizana maswali. Mkatize mwenzako kwa upole na umuulize. Unyamavu wa heshima hapa hauna alama.

Wiki sita kabla, fanya mtihani wa mfano mzima kwa saa, chumba kimya, simu mbali. Moduli iliyo chini ya 60 ipe nusu ya muda wako uliobaki. Usijisajili kabla hujapata 70 mara mbili kwa kila moduli nyumbani. Zile kumi za juu zitaliwa na woga.

Goethe-Institut iko Dar es Salaam, na nyingine iko Nairobi. Kutoka Arusha, Nairobi ni karibu zaidi kwa barabara kupitia Namanga, ila andaa nyaraka za mpakani mapema. Tarehe na ada ulizia kwao moja kwa moja, miezi mitatu kabla, kwa sababu nafasi hujaa. Jina kwenye fomu liwe lilelile la pasipoti, herufi kwa herufi. Safiri siku moja kabla. Basi la usiku kisha Hören asubuhi ni kutupa ada.

Ukifeli moduli moja, usirudie zote. Zinarudiwa moja moja, na tatu ulizofaulu zinabaki zako. Kama iliyoanguka ni Hören, rudi Hatua ya 2 kesho yake asubuhi, na sekunde 40 za sauti na kioo, kabla hujafungua kitabu chochote cha sarufi.